Kabla Udongo Haujanywa Maji

Asiku alikuwa amechoka zamani, kabla hata ya habari hii ya Santino kuzuka. Na msidhani ni uchovu ule wa kujinyoosha mkekani ukaamka mzima. Huu ulikuwa uchovu wa mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja amepandishwa minara na watu waliokaa chini kivulini wakimwelekeza kwa kidole. Kila Jumatatu alifunga kamba, kebo na laptopu kwenye pikipiki, akaifuata barabara ya Arua mpaka Koboko, huku kaskazini mwa Uganda. Kila Ijumaa akarudi kwa mkewe. Katikati ya siku hizo mbili mlikuwa na malalamiko tu. Ndivyo ilivyo kazi ya fundi wa mtandao: mtandao ukienda vizuri hakuna anayekukumbuka, ukikwama hata mbuzi wa jirani wanakujua jina.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya Obeti, na ofisi yake ilikuwa vyumba viwili mjini Arua nyuma ya duka la mbegu. Obeti alichukua mtandao Arua, akaurusha kwa antena kutoka mnara hadi mnara mpaka Koboko, na huko nyumba na maduka kama mia mbili yakagawana kilichofika. Kilichofika hakikuwa kingi. Lakini Obeti alipenda kujisifu kwamba kwake hakuna kinachopotea, kwa kuwa ruta aliyoinunua, mashine ya kuupanga na kuugawa mtandao, ilikuwa na tumbo kubwa, inashika vitu chungu nzima vikingoja zamu. Mara mbili Asiku alijaribu kumweleza kwamba kungoja nako ni kupotea. Mara mbili bosi akacheka. Asiku akaona anatwanga maji kwenye kinu, akanyamaza.

Mteja wa kwanza kabisa wa Koboko alikuwa Swaka, mtu aliyekimbia vita vya Sudan Kusini kutoka upande wa Yei. Mbele ya nyumba yake Swaka alijenga chumba cha simu: vibanda vinne vya mbao nyembamba, benchi, na antena juu ya bati. Watu wa kwao walikuja pale kuongea na ndugu zao waliotawanyika duniani, kwa maana simu za kawaida upande ule wa mji zilishika kwa kubahatisha, na kupiga nchi za mbali kwa simu hizo ni kujitafutia njaa. Asiku alimpenda Swaka. Kila alipokwenda kurekebisha antena alikuta chai imekwisha kuwekwa mezani, na hakuna aliyemwonyesha kwa kidole. Mwezi wa pili mwaka huu Swaka akafa, ugonjwa wa figo, wala hakuuguzwa muda mrefu.

Aliacha mjane, jina lake Night, na watoto wawili wadogo aliozaa naye. Na aliacha mwana mkubwa, Santino, ambaye Night hakumzaa. Mama yake Santino alikufa siku aliyojifungua msichana, Rejoice, na Santino wakati huo alikuwa na miaka tisa. Night akaolewa akawakuta hao wawili, akawalea. Koboko nzima walimwita Mama Santino, na yeye aliitika.

Sasa hapo kuna jambo, na lazima lisemwe mapema. Walipokimbia mwaka ule wa elfu mbili na kumi na sita, Santino alikuwa shuleni Arua. Night ndiye aliyetembea na watoto siku tatu porini, mtoto wake mchanga kifuani, Rejoice wa miaka saba mgongoni akiwaka homa. Walipofika mpakani Oraba, Rejoice alikuwa ameshakata roho, na Night alikuwa bado amembeba. Santino aliletwa kutoka shule akawakuta pale, akahesabu watu kwa macho, akaenda kusaidia kuchimba kaburi. Hakuuliza kitu. Baadaye akapata bahati ya kwenda nchi ya baridi, akafanya kazi kwenye ghala la samaki, akawa anapiga simu kila Jumapili kuwasalimu wote. Miaka yote hiyo hakuuliza. Hilo lilimtafuna Night kuliko matusi ambayo angetukanwa.

Basi Swaka akafa, ikabidi matanga yaanuliwe, na ukoo ule una desturi yake. Siku ya kuanua matanga, ndugu wa marehemu hukaa na kibuyu cha maji mbele ya mlango. Humuuliza mwana mkubwa maswali matatu, na kila akiuliza humwaga maji kidogo chini. Jibu lazima lifike kabla udongo haujayanywa maji. Likifika kabla, ni jibu la moyoni. Likifika baada, wanasema huyo alikuwa anatafuta uongo, na jibu lake halihesabiwi. Swali la tatu ndilo lenye meno: kama mwana ana kinyongo na mjane aliyebaki. Akiwa nacho, mjane anafunga mzigo anarudi kwa kaka zake, na watoto wanabaki na ukoo. Night hakuwa na kaka tena wa kumrudia. Alikuwa na hao watoto wawili na vibanda vinne vya mbao, basi.

Anayemwaga maji alikuwa Soka, kaka mkubwa wa Swaka, aliyekaa Oraba na kuyajua malori yote yapitayo pale. Soka si mtu mbaya. Ni mtu aliyenyooka tu, na watu walionyooka wana taabu zao. Kwa kuwa Santino alikuwa mbali, Soka alikubali aulizwe kwa simu. Jumapili ya kwanza, saa tisa alasiri, jua kali, udongo mkavu, akauliza swali la kwanza akamwaga. Maji yakazama. Kimya. Halafu, wakati watu wameshaanza kutazamana, sauti ya Santino ikatoka kwenye simu imekatika vipande kama mkate wa juzi. La pili likawa vile vile. La tatu, neno "sina" lilifika udongo umekauka kabisa. Soka akaweka kibuyu chini akasema halihesabiwi. Night akalia kwamba ni mtandao, jamani, ni mtandao. Soka akafikiri, akasema yeye si mnyama, atarudia Jumapili ijayo, mara moja tu na si mbili.

Jumatatu Asiku alipofika Koboko alimkuta Night amekaa chini ya mnara juu ya dumu lililopinduliwa. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Akamweleza yote, taratibu, bila kulia, kwa Kiswahili cha huku kwetu kinachokwenda moja kwa moja.

"Fundi, mimi sitaki kitu ingine kwako. Nataka neno ya Santino ifike mbele ya udongo kunywa maji. Hiyo tu."

Asiku alitaka kumwambia kwamba amechoka. Alitaka kumwambia kwamba kuna duka halina mtandao tangu Alhamisi na mwenye duka ameshampigia mara tisa. Lakini alikumbuka chai ya Swaka. Akafungua laptopu palepale, akaingia kwenye ruta, akampisha aone naye, ingawa hakutegemea ataelewa.

Akamweleza hivi. Sauti ya mtu ikipita kwenye mtandao inakatwakatwa vipande vidogo, pakiti, hamsini kwa sekunde moja, na kila kipande lazima kifike kwa wakati wake. Barua ikichelewa bado ni barua. Sinema ikichelewa unakunywa chai ukingoja. Watu husema kawia ufike, lakini sauti ikikawia haikufika. Na Jumapili alasiri Koboko nzima inatazama mpira na kushusha sinema, mizigo mikubwa mikubwa, na yote inapita mlango mmoja. Ruta isiposimamiwa inahudumia aliyetangulia. Kipande kidogo cha sauti ya Santino kinapanga foleni nyuma ya mpira wa watu mia.

Night akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hiyo ni pampu. Asiku akamuuliza pampu gani. Akasema pampu ya maji ya kambini, kabla hawajahamia mjini. Alikuwa kwenye kamati, miaka minne alisimamia foleni. Mama mmoja anakuja na madumu kumi na mawili, nyuma yake mtoto na kikombe, na mtoto anangoja mpaka jua linazama kwa ajili ya kikombe. Wao waliweka sheria: kila mtu dumu moja kwa zamu, halafu unarudi nyuma. Na mgonjwa, au mwenye uchungu wa kuzaa, anapita mbele bila kungoja.

Asiku alimtazama mwanamke yule kwa namna nyingine. Miaka sita alikuwa ameshindwa kumweleza Obeti kitu hicho hicho, na Obeti ana cheti ukutani.

"Na huku kwako, wagonjwa hawana njia ya mbele?" Night akauliza.

Wanayo, Asiku akajibu. Aliitengeneza mwenyewe miaka mitano iliyopita, foleni ya mbele, ya sauti peke yake. Akaifungua amwonyeshe. Na hapo ndipo aibu ilipomshika, maana alikuwa hajaitazama orodha ile kwa mkupuo mmoja kwa muda mrefu.

Alianza na baba mkwe. Mzee Andama, baba wa mkewe Driciru, mzaliwa wa Dadamu kule Arua, anauza mbao Koboko na hakosi mechi hata moja. Mzee alisema tu, siku moja, akiangalia pembeni, kwamba mpira wake unakwamakwama. Mkwe hakuomba, alitaja. Na Mlugbara gani kama Asiku atamnyima baba mkwe kitu kilichotajwa? Asiku akamweka foleni ya mbele. Baada yake akaja mchungaji, na mahubiri yake ya video. Akaja mwenye shamba uliposimama mnara, ambaye akikasirika anafunga geti. Akaja mbadilisha fedha wa Oraba, kwa sababu ni rafiki wa mwenye shamba. Akaja binti mmoja aitwaye Daisy, ambaye Obeti alisema ni binamu yake, na Asiku hakuuliza ubinamu wa upande gani. Kila mmoja aliingizwa kwa heshima, mmoja mmoja, na kila mmoja peke yake hakuwa tatizo. Sasa walikuwa sitini na watatu. Foleni ya mbele ilikuwa na mizigo mingi kuliko ya nyuma, na ndani yake, katikati ya mpira na mahubiri, sauti ya Santino ilikuwa imebanwa ikingoja zamu. Asiku mwenyewe alikuwamo, namba thelathini na nane.

Night akazitazama namba zile. Akasema kwenye pampu yao ilikuwa hivyo hivyo. Alianza kumpisha wifi yake, akampisha katekista, akampisha mke wa mwenyekiti, na katika mwezi mmoja wagonjwa walikuwa wengi mbele kuliko wazima nyuma, wote wagonjwa, wote na madumu. Asiku akamuuliza alifanyaje. Akasema alifunga pampu asubuhi moja, akatoa wote, hata mama yake mzazi, na mama yake hakuongea naye mpaka mavuno.

Haya. Asiku alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, magoti yanauma, na alijua sawasawa wiki itakayofuata itakuwaje. Angeweza kuiacha orodha ilivyo, akamwambia Mama Santino aende nyumbani kwa amani. Angeshukuriwa vile vile. Akakaa dakika kadhaa mkono juu ya laptopu. Halafu akaifuta orodha yote. Foleni ya mbele akaiacha kwa sauti tu, iwe ya tajiri au ya nani. Wengine wote akawapanga kila nyumba kwa zamu, dumu moja moja. Na lile tumbo la ruta la kujivunia akalipunguza, kinachozidi kidondoke, kiombwe upya, kuliko kukaa humo kikiozea. Obeti hakuulizwa. Angeulizwa angekataa.

Simu zilianza kabla hajashuka mtaani. Mchungaji alisema ameona mkono wa adui. Mwenye shamba alifunga geti, na Jumatano Asiku akapita kwenye senyenge, suruali ikachanika. Obeti alipiga kutoka Arua akauliza kwa sauti ya upole sana, ile mbaya, ni nani aliyemgusa Daisy. Asiku akajibu kwamba ni matengenezo. Akaulizwa yataisha lini. Akasema yameisha. Obeti akakata simu, na Asiku akajua Ijumaa ana kesi.

Alhamisi akaenda mwenyewe kwa baba mkwe, maana hilo halisemwi kwa simu. Akakaa kwenye kigoda cha chini kama inavyotakiwa, magoti yakilia, akangoja asemeshwe. Mzee Andama alikuwa anapanga mbao. Akapanga mpaka akamaliza, akajifuta vumbi, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Umenitoa?"

"Nimewatoa wote, baba. Hata mimi nimejitoa."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa kukubali. Akasema watu wote si baba mkwe. Hakumkaribisha chakula, na jioni ile Driciru akampigia mumewe kutoka Arua, akilia, kwamba baba ameongea maneno, na kwamba kwa ajili ya mtandao tu anamvunjia nyumba. Asiku alimsikia vizuri sana, kila neno, maana sasa sauti zilikuwa zinapita bila kungoja. Ijumaa hakurudi Arua, akalala kwenye benchi la chumba cha simu cha marehemu, kwa sababu alitaka kupima Jumamosi na Jumapili kwa mkono wake mwenyewe.

Akapima. Kutoka pale mpaka kwa Santino na kurudi, chini ya nusu sekunde, hata saa ya mpira. Jumapili saa nane na nusu wazee walipokuwa wanakaa, Soka alimwita akamuuliza mbele ya watu wote kama mambo yako sawa. Asiku hakuwa mtu wa majigambo, lakini wiki nzima alikuwa ametukanwa kwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na moyo una kikomo chake. Akanyoosha mgongo.

"Mzee, mutandao leo iko safi. Leo ikichelewa, si mutandao."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Soka akasema vema, neno hilo limesikiwa. Simu ikawekwa juu ya mkeka mbele ya Night, kwa sababu desturi inamtaka mjane akae karibu na anayeulizwa, na waya ukaenda kwenye spika ndogo iliyotundikwa ukutani ili watu wa uani wasikie. Asiku akakaa kizingitini, laptopu mapajani, akitazama ile foleni ya mbele. Ilikuwa sifuri. Hakuna kipande kilichongoja.

Soka akainua kibuyu. Akamuuliza mwana wa Swaka kama anajua hapa ni kwa baba yake. Akamwaga. Maji hayajafika hata kutandaa, Santino akajibu kwamba anajua. Sauti ilikuwa nene na ya karibu, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango. Wanawake wawili wakajifuta macho. Wengine walikuwa hawajamsikia hivyo tangu aondoke. Soka akamuuliza kama watoto hawa wawili ni ndugu zake. Akamwaga. Santino akajibu ni ndugu zake, na akawataja majina. Night alikuwa ameinamisha kichwa karibu kabisa na simu.

"Santino," Soka akasema, "una kinyongo na huyu mama aliyebaki?"

Akamwaga maji.

Maji yakatandaa, yakang'aa kidogo juani. Asiku akatazama laptopu. Sifuri. Akatazama maji. Yalikuwa yanaingia pembeni, polepole, kisha upesi. Akatazama laptopu tena, akaomba, kweli aliomba Mungu, aone namba yoyote, hata mbili, hata moja. Sifuri. Njia ilikuwa nyeupe kutoka Koboko mpaka kule kwenye baridi, na juu yake hapakuwa na kitu ila ukimya wa Santino mwenyewe. Udongo ukanywa tone la mwisho, pakabaki doa tu.

Soka akageuka polepole mpaka akamkabili Asiku.

"Fundi. Hiyo iko mutandao?"

Night hakuinua kichwa. Mgongo wake tu ndio Asiku aliouona, na kile kitambaa cheusi cha matanga. Mgongo huo ulimbeba Rejoice siku tatu. Na Asiku alifikiria orodha aliyoifuta, kigoda cha baba mkwe, geti lililofungwa, Driciru akilia, na lile neno lake la majigambo ambalo watu arobaini walilisikia. Katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa hajawahi kuwa na hakika ya jambo kama alivyokuwa na hakika ya jambo hili.

"Ni mutandao, mzee," akasema. "Nisamehe. Kosa iko yangu."

Soka akasema, bila kupandisha sauti, kwamba nusu saa haijapita tangu aliposema leo ikichelewa si mtandao. Asiku akakubali kwamba alisema. Soka akamuuliza basi yeye ni fundi wa nini. Asiku akasema hajui. Vijana wa uani wakacheka, na mzee mmoja akasema hawa watu wa Arua ni maneno tu. Yote hayo, mnafahamu, yalipita kwenye simu ile ile iliyokuwa juu ya mkeka, njia safi, na kule mbali kulikuwa na mtu anasikiliza.

Soka akashusha pumzi. Akasema alitoa neno lake kwamba ni mara moja tu, lakini mtu hawezi kuhukumiwa kwa kosa la waya. Akainua kibuyu. Akauliza tena lile swali, akamwaga.

"Sina, baba," Santino akasema. Maji yalikuwa bado yamesimama. "Mama abaki kwake."

Vigelegele vikapanda. Soka mwenyewe alishika mkono wa Night akamwinua, akamkalisha kwenye kiti cha Swaka, akamfungua kitambaa cheusi kwa mkono wake. Matanga yakaanuliwa. Watoto wakaitwa wakaletwa, wakala, na mtu mmoja akapiga ngoma ya dumu. Asiku alibaki kizingitini akikunja nyaya. Watu waliopita walimpa pole ile ya dharau, na wateja wawili walimwambia palepale kwamba mwezi ukiisha wanatafuta kampuni nyingine. Hakujibu. Alijua kabla ya kesho asubuhi habari itakuwa Arua, kwamba Asiku alifuta orodha ya watu wakubwa na mtandao ukakwama vile vile. Obeti atafurahi. Daisy atarudi foleni ya mbele, na mkwe, na mchungaji, na wote.

Jua lilipopungua ukali Night alimletea chai. Ilikuwa kikombe kile kile cha Swaka, cha bati, chenye kovu mdomoni. Akakaa karibu naye kizingitini, akamngoja anywe. Asiku akanywa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba sukari ilimfanya alengwe na machozi.

"Nilimsikia akipumua," Night akasema.

Asiku akashusha kikombe.

"Kule kwenye spika hawakusikia. Mimi nilikuwa na sikio kwenye simu. Alivuta pumzi, akaishika, akaitoa. Mara tatu. Mutandao mbaya hailetangi pumzi ya mutu, fundi. Hiyo najua hata mimi."

Asiku akamwambia kwamba hata hivyo mwishoni alisema hana. Night akaitikia kwamba ndiyo, alisema, na alisema Mama. Kwa hilo anamshukuru, na anamshukuru yeye fundi pia, Mungu amlipe, kwa sababu yeye hana cha kumlipa. Akanyoosha kidole akakifuta kile kikombe mahali kilipodondosha chai. Watoto walikuwa wakikimbizana uani, mmoja akiwa na kibuyu cha Soka kichwani.

"Sasa ile Jumapili ya kwanza," Night akasema. "Niambie kweli. Ile ilikuwa mutandao?"

Ruta haikumbuki. Inapitisha, na kilichopita kimepita. Haiandiki nani alingojeshwa na nani alijingojesha mwenyewe. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua isipokuwa Santino, na Santino haulizi wala haulizwi. Asiku alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa Koboko.

"Ile ilikuwa mutandao, Mama Santino," akajibu, na alijibu upesi sana.